Msiba wa Jabiri

Jamani, nicheke mimi kwanza, nanyi mfuate. Nauza vitenge Kariakoo. Juzi wateja hakuna, nikajisomea riwaya chini ya kaunta. Ni mapenzi ya kuchekesha tu: Rehema na Jabiri wanapendana kwenye duka la vitabu vya mtumba, hapahapa Kariakoo. Lakini nilipofika pale Rehema anapomwacha, nikaangua kilio.

Mama Zuhura, jirani yangu muuza ndoo, akaja mbio. “Kuna nini, mwenzangu?”

“Jabiri! Jabiri wangu mimi!” Kwikwi ikanikaba.

“Innalillahi!”

Kufumba na kufumbua, majirani wamefunga maduka, mkeka umetandikwa, akina mama wamejitanda kanga, nami nimekumbatiwa. Ningeanzia wapi kusema? Nikazidi kulia, sasa kwa aibu.

Mzee Salim, muuza manukato, akauliza taratibu, “Tunazika lini, mwanangu?”

Nikainuka nimjibu, kitabu kikanidondoka mapajani. Akakiokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile ya msibani:

“Jabiri akambusu Rehema nyuma ya kabati la vitabu…”

Hakuna aliyeinuka mkekani. Mama Zuhura akaniachia taratibu.

“Kumbe yupo hai? Haya mzee, endelea.”