Alama za Chaki Milangoni

Asifiwe Mungu aliyeniacha hai, akaniachia pia vidole viwili vya mkono wa kulia vinavyoweza kushika kalamu. Haya nayaandika kwa shukrani.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Kitale. Kwa miaka mingi nimewaongoza watafiti wa sayansi ya siasa kutoka vyuo vikuu vyetu. Wa kwanza waliuliza kuhusu vyama, machifu na katiba. Walikaa kwa mtu hata wiki nzima wakimsikiliza. Waliofuata walitaka habari za ardhi, makabila na damu ya uchaguzi, nao walikuja na hojaji: chagua jibu moja kati ya matano. Siku hizi maswali yamo ndani ya tableti, na nyumba huchaguliwa kwa hesabu ili asipendelewe mtu.

Mhadhiri mmoja, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, alinieleza: "Mwalimu, makala bila takwimu hayasomwi siku hizi. Wenzangu wanasema masimulizi ya wazee si sayansi."

"Na wazee wanasema nini juu ya wenzako?"

Akacheka. "Wewe hesabu nyumba tu, Mwalimu."

Kazi ilikuwa hivi: kila nyumba ya tano tunaitia alama ya chaki mlangoni, kisha tunarudi kuhoji. Kijiji cha Myanga tulikimaliza kwa siku mbili, na watu wakatugawia ndizi za njiani. Tukapanda mlimani hadi kijiji kimoja ng'ambo ya Kapsokwony. Hapo ndipo nilipokosa. Miaka ya vita vya ardhi, mlango ukitiwa alama, mwenye nyumba alichukuliwa na wapiganaji, akauawa. Nilijua. Baadhi yao niliwazika. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa moja, mbili, tatu, nne, tano, nikachora.

Kwenye mlango wa sita mama mmoja alipiga yowe. Wanaume wakatoka mashambani na mapanga.

"Hii alama ni ya nini?"

"Ni utafiti," mhadhiri akasema, akiinua tableti.

"Ati utafiti! Hata wale wengine walikuja na orodha, bana!"

Jiwe likampata mhadhiri mdomoni. Akaanguka, akitema meno na damu. Nikamlalia. Rungu lilinishukia mkononi mara tatu, mfupa ukalia kama bua kavu la mahindi. Panga likapita kando ya kichwa changu, likachana sikio lake. Mtu akamshika miguu, akaanza kumburuta kuelekea bondeni. Nilimng'ang'ania kwa mkono uliobaki, maana nilijua akifika kule chini simwoni tena.

"Ni mimi niliyechora!" nikapaza sauti. "Yeye hakujua. Mimi nilijua!"

Yule mama akasogea. "Ulijua, mzee?"

"Nilijua, mama."

"Na ukachora?"

"Nikachora."

Akatema mate. "Mwacheni msichana. Huyu afute."

Nilifuta kwa shati langu, nikitambaa mlango hadi mlango. Kila mwenye nyumba alinitajia waliochukuliwa pale, akanichapa fimbo, ndipo akaniruhusu kufuta. Mmoja alitaja kaka wanne. Mlango wa mwisho ulikuwa wa yule mama: mumewe, na wana wawili. Hakunichapa. Alileta maji, akamwosha mhadhiri mdomo, kisha akaita pikipiki.

Mhadhiri alipona, Mungu ni mwema. Baada ya miezi aliniletea makala yake yaliyochapishwa. Kijiji kile kilipata sentensi moja: kiliondolewa kwenye sampuli kwa sababu za usalama.

"Na wale niliotajiwa?" nikamwuliza. "Wamo wapi?"

Aligusa kovu la sikio. Kisha akavuta kiti.

"Nitajie, Mwalimu. Mmoja mmoja."

Nikaanza na mlango wa kwanza. Tulimaliza siku ya tatu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akulinde wewe na wa nyumbani mwako, mzeeke pamoja kwa amani.