Siri Tuliyoiombea

Kwetu hakuna kikao kisichofunguliwa kwa maombi, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na yale yanayosemwa watu wakishafumba macho.

Kanisa letu hapa Kitale lina shule ya bweni. Mlezi wa bweni alimpiga msichana mmoja mpaka sikio lake la kushoto likaacha kusikia. Kanisa likaunda kamati ya kuchunguza, nami mwalimu mstaafu nikaingizwa. Tuliapa kutunza siri. Msichana alitueleza yote kwa sharti moja tu, asijulikane, maana alitaka kumalizia masomo palepale.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wetu alishika kipaza sauti. "Tumwombee binti yetu wa mtaa wa Matisi, yule wa sikio. Bwana ampe roho ya kusamehe."

Kufikia chai ya baada ya ibada, kila mtu alishamjua. Msichana akaacha shule. Nilishikwa na hasira hata chai ikanishinda.

"Mzee, si tuliapa?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Ai, Mwalimu, hiyo si kusema bana. Ni kuomba."

"Na mlezi, mbona hukumwombea?"

"Huyo lazima tumlinde. Ati kuna sheria ya kutomtaja mtuhumiwa."

Kamati nzima ilikubali kwamba mlezi alimpiga. Kisha nikasikia amehamishiwa shule nyingine ya kanisa, Bungoma, kulea bweni vilevile, na huko hawakuambiwa neno. Nikiuliza, najibiwa ni siri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mfichaji ni mwingine na watakaoumia ni wengine. Sikulala vizuri juma lile.

Jumapili nikaomba nafasi ya kuongoza maombi. Nani atamnyima mwalimu mzee?

"Bwana, walinde watoto wa bweni la Bungoma. Mtu aliyeharibu sikio la mtoto wetu, kamati yako ikathibitisha, tumewapelekea wao, na hatukuwaambia."

Nilingoja amina. Haikuja. Hatimaye ilitoka viti vya nyuma, kwa mama yake msichana, peke yake.

Mwenyekiti alinikamata mlangoni. "Mwalimu, umetoboa siri!"

"Hiyo si kusema, Mzee. Ni kuomba."

Kesho yake tulikuwa kituo cha polisi, mimi, mama na binti yake, ambaye sasa alitaka kusema mwenyewe. Afisa alipoanza kuuliza, binti alisogeza kiti, akamgeuzia sikio la kulia.