Mkeka Uliorudi Kwao

Nesi Perenise amenisumbua wiki tatu niandike habari hii kwa ajili ya gazeti la akina mama wa kisiwa. Mimi niliishia darasa la tatu, mkono wangu umezoea kusuka, si kalamu. Tena jambo lenyewe la aibu. Haya, naandika.

Naitwa Lagimafola. Miaka thelathini na minane nimetunza mikeka ya heshima ya ukoo wetu, ile laini tunayopelekeana misibani na harusini. Kila mmoja nilijua nani kauleta na kwa shughuli gani. Daftari sikuwa nalo, kichwa kilitosha. Mwaka jana kikaanza kuniangusha. Sikumwambia mtu, maana mikeka ningenyang'anywa.

Ndipo nesi akaleta vishikwambi vyenye mchezo wa kukumbuka kwenye kikao chetu cha Jumanne, wazee tuzoeze akili. Picha zinafunikwa, wewe unakumbuka pacha yake iko wapi. Mara ya kwanza nilipata alama kumi na saba kwa mia. Jumanne iliyofuata nikasingizia macho, nikampa Siaunofo, mjane wa kaka yangu, anichezee. Akawa anacheza kwa jina langu. Siku moja nesi akasoma mbele ya wote: Lagimafola, tisini na mbili, wa kwanza. Nikapigiwa makofi, nikayapokea.

Mwezi wa sita akafariki mama mmoja wa kijiji cha pili. Nikauchagua mkeka wa kupeleka, wenye manyoya mekundu pembeni. Siaunofo akaushika, akaugeuza.

"Wifi, huu si ule waliotuletea wao, tulipomzika mume wangu?"

Akina mama walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia, "Aliyepata tisini na mbili ni nani, mimi au wewe?"

Akanitazama kidogo. "Ni wewe, wifi."

Tukaupeleka. Tukautandaza mbele ya wafiwa. Binti wa marehemu akainama, akagusa kona iliyotiwa kiraka cha uzi wa buluu.

"Hiki kiraka alikishona mama," akasema. Kisha akaupapasa kama anayempapasa mtoto. "Karibu nyumbani. Kumbe kule hawakukutaka."

Watu wakacheka kwa kuficha midomo. Kumrudishia mtu mkeka wake mwenyewe kwetu ni kumtemea mate. Mzee wa ukoo wetu akauliza nani kauchagua. Nilifungua mdomo, lakini Siaunofo akawahi: "Mimi, baba. Nilichanganya." Akasemwa pale mpaka jasho likamtoka. Mimi nikatazama miguu yangu.

Siku nne sikula vizuri. Jumanne nikasimama kikaoni, nikasema yote, kuanzia alama hadi mkeka. Mikeka nikamkabidhi Siaunofo. Hakunisimanga; aliniuliza tu upi huanza kuanikwa, na sikukumbuka.

Sasa nacheza mwenyewe. Juzi nimepata ishirini na tatu.

Nimeshasema yangu. Wewe unayesoma, yupo mtu aliyebeba kosa lako ukanyamaza. Nenda kwake leo, useme mbele za watu, kisha uje uniambie alikujibu nini.