Maganda ya Shaba na Ukwaju

Harufu ya ukwaju uliolowekwa kwenye maji moto huwafanya wenzangu wameze mate. Mimi hunichosha. Hunirudisha Sterling, Virginia, kwenye chumba cha chini cha nyumba tuliyopanga mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, nimeinamia beseni nikisugua maganda ya risasi. Ndiyo, risasi. Baba alijitengenezea mwenyewe risasi za kuwindia kulungu, na kwa kuwa bibi yangu kule Tanga aling'arisha masinia yake ya shaba kwa ukwaju, hakuona kwa nini maganda ya shaba yatake dawa nyingine. Kuyaosha, kuyasuuza na kuyakausha ilikuwa kazi yangu mimi binti yake wa pekee. Yalitakiwa yalale siku mbili juu ya kanga kuukuu karibu na hita, midomo chini, hadi ndani pasibaki hata jasho.

Tanga, Baba alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Wenye maduka wakimwona kwa mbali walianza kufuta mizani zao na kumwitia soda. Huku alipakia mizigo ya watu kwenye ndege, akarudi nyumbani mgongo umekufa ganzi, naye Mama akitoka kwenye kazi yake ya kulea wazee wa wenyewe. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Tulisalimiana ngazini kama wapangaji. Kisha Mmarekani mmoja mzee, aliyekuwa akistaafu pale uwanja wa ndege, akamwachia Baba bunduki yake kuukuu, mashine ya mkono ya kushindilia risasi, na boksi moja la risasi za kiwandani ambazo madukani hazikupatikana tena. Baba alipiga tano kwenye karatasi ya shabaha, akatoa mfukoni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakifunika juu ya matundu. Yote matano yaliingia ndani ya mdomo wa kikombe. Tangu siku hiyo akawa na neno moja tu: risasi za mkono wake zifike hapo zilipofika za kiwanda.

Msidhani ni majivuno, ingawa na majivuno yalikuwemo. Alitaka mnyama apigwe mara moja, aanguke palepale, amfikie na kisu angali hai. Alikuwa amewaahidi Waswahili wa Silver Spring kwamba Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani watafuturu kwa nyama aliyoichinja yeye. Basi kila Jumamosi asubuhi tulishuka chini, yeye akipima baruti kwa mizani ndogo, akipima tena, na tena, mimi nikipiga miayo. Mwanzoni matundu yake yalitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Haraka haraka haina baraka, alisema, akaanza upya. Mwezi wa kumi na moja, kikombe kikafunika yote matano. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhamie.

Zilibaki kutengenezwa za kuwindia. Nilipaswa kuosha maganda Alhamisi. Nikakaa mbele ya televisheni, nikayaosha Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi akaniuliza kutoka chini, "Mwanangu, yamekauka?" Nikajibu bila kuinuka kwenye kochi, "They're dry, Baba." Mtu ambaye hakuwahi kuamini mizani ya duka hata moja aliniamini mimi, akayajaza bila kuyatazama ndani.

Wiki iliyofuata tulikwenda porini, yeye, mimi, na Papa Jules, Mkongo aliyefanya naye kazi. Kulungu alisimama ubavu wazi kabisa. Baba akasema bismillahi, akapiga. Mlio ulikuwa mdogo, kama mlango wa gari uliofungwa na mtu aliyechoka. Mnyama akachechemea akatokomea. Tulifuata damu tangu adhuhuri hadi jua likaanza kuinama, tukamkuta amelala kijitoni, kichwa ndani ya maji, amekwisha kufa. Baba alichutama akamtazama sana.

"Sijui kama ni risasi au ni maji yaliyomuua," alisema. "Shaka hiyo inatosha. Haliki."

"Mzee, kwangu hakuna problème, mimi nitamkula," alisema Papa Jules. "Mais, leo bunduki ilikuwa na nini?"

"Mkono wangu," Baba alijibu. "Umetetemeka."

Mimi nilijua. Nilisimama pale, soksi zimelowa.

Ijumaa ile watu walifuturu kwa kunde. Mmoja akamtania, "Bwana Vipimo, leo umetupimia hewa!" Ukumbi ukacheka, na Baba akacheka nao. Baada ya Idi alimpa Papa Jules bunduki na mashine, Jumamosi zake akaziongeza kwenye zamu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua zaidi ya miaka ishirini.

Palipokuwa na uwanja wa shabaha ambako Baba alijaribia risasi zake sasa pana majengo makubwa yasiyo na madirisha, yamejaa kompyuta zinazonguruma mchana kutwa, na humo ndimo ninamofanya zamu. Nimekaribia umri aliokuwa nao Baba, na mgongo wangu umeanza kuongea lugha ya mgongo wake. Anaishi nami. Ramadhani iliyopita nilikuwa nikichuja ukwaju wa futari, uchovu ukanilegeza ulimi, nikamwambia yote kuhusu yale maganda.

"Nilijua," alisema. "Nilizifungua risasi zilizobaki siku ileile. Baruti ilikuwa imeshikana."

"Mbona hukuniambia, Baba?" Nilikasirika kweli, ningeona afadhali angenichapa kuliko kuniacha na mzigo ule.

"Tanga nzima nilikuwa nikiikagua, mwanangu. Nyumbani kwangu sikutaka kuwa mkaguzi."

Jua lilipozama akanyoosha mkono, nikampa kahawa. Kikombe kiligongagonga kisahani chake mpaka nikakishika nami. Siku hizi mkono wake unatetemeka. Siku ile haukutetemeka.