Wagonjwa wa Kubuni

Yustina, aliyekaa meza moja na fundi wa kompyuta katika ofisi ya Chang'ombe miaka ile ya tisini, alizoea kumtazama kama watu wanavyotazama mvua. Vidole virefu vya fundi viligusa vitufe taratibu, na midomo yake ilitamka kila herufi bila sauti. Aliandika amri za kusafiri kwa waya wa simu hadi kwenye kompyuta ya hospitali moja Mtwara, zikafute majina ya wagonjwa waliokwisha kupona. Lakini hakutuma amri yoyote kabla ya kuijaribu palepale, kipande kimoja kimoja, kwa wagonjwa wa kubuni aliowapa majina na maradhi mwenyewe.

Alasiri moja bosi alisimama mlangoni. "Fundi, si utume tu? Wenzio Mtwara wanangoja!"

Fundi akabonyeza jaribio la mwisho. Majina yote ya wagonjwa wa kubuni yakafutika, ya waliopona na ya mahututi, kioo cha kompyuta kikabaki cheusi. Kule Mtwara wagonjwa wa kweli walikuwa bado na majina yao. Fundi akaweka kiganja juu ya kioo, kama anayepima homa ya mtoto.

"Poleni," akawaambia wagonjwa wake wa kubuni, kwa huzuni ya kweli kabisa.

Yustina akajikuta anaitikia kwa niaba yao, "Tumeshapoa."