Jini la Shomari

Hapana, huna wazimu, na chuo hawakufukuzi kwa hilo. Hujaniuliza, najua. Lakini sahani ya wali umeirudisha kama ilivyokuja, kitabu tangu asubuhi kiko ukurasa uleule, na kila saa unafuta viganja kwenye gauni. Mie kusoma sijui, mjukuu wangu, ila mtu namsoma. Kaa hapa mkekani unichambulie mchele, nikwambie habari za babu yako Shomari, mdogo wangu wa mwisho. Wewe unamjua mzee mwenye suti na kitambi. Hukumjua alipokuwa kijana mwembamba anayetetemeka akiona bahasha.

Nakumbuka ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Temeke ndo yameanza kujaa vitu na kila nyumba inataka redio kaseti. Shomari akachaguliwa chuo kikuu, wa kwanza mtaa wetu mzima pale Tandika. Mama akapika pilau, watu wakala wakashiba. Na kuanzia wiki ile kila mwenye barua akaileta kwetu. Ndo ilivyokuwaga, mtaa ukipata msomi, msomi ni wa wote. Mwenye mtoto Muscat, mwenye kaka Newala, mwenye karatasi ya kiwanja, wote hao mlangoni: "Hodi, msomi yupo?" Msomi akisikia hodi tu, huyo, katokea mlango wa uani.

Mie nikidhani anaringa. Mama naye: "Chuo kimeshampa kiburi."

Siku moja mzee Mfaume, fundi cherehani jirani yetu, akamkuta barazani hana pa kukimbilia. Mzee yule alikuwa akiongea kama anatoa ndoo kisimani, neno linapanda taratibu. "Shomari... mwanangu... nisomee hii... ya binti yangu... wa Tanga." Watu sita wamekaa pale. Shomari akaifungua. Jasho likamtoka hata shati likaganda mgongoni. Akaanza kusoma, akasimama, akarudi nyuma, akaruka mstari, akarudi tena, kama mtu anavuka tope na viatu vipya. Barua fupi ile ikachukua muda wa chai kupoa. Mzee Mfaume akaipokea akaikunja. "Haya... ahsante... nadhani yuko mzima."

Sasa hapa ndo ninapoingia mie, na sijivuni. Unajua bibi yako anavyoiga watu. Nilikuwa na kanga yangu mpya ya njano, niko foleni ya bomba, wanawake wamejaa, nikaona nisiwanyime. Nikashika kipande cha gazeti la maandazi, nikakodoa macho, nikatetemesha mkono: "M-m-mpe... mpendwa ba... ngoja... mpendwa..." Nikafuta jasho, nikarudi mwanzo. Wanawake walicheka, mmoja akamwaga ndoo yake. Nikageuka kutafuta wa kunicheka zaidi, namwona Shomari kasimama na ndoo mkononi.

Akaiweka ndoo chini, akaondoka.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Mie mwenyewe darasa la ngumbaru, lile la kufundisha watu wazima kusoma, nilikwenda siku tatu nikakimbia, nikasingizia mtoto anaumwa. Nilipomwona na yeye anayumba kwenye maandishi, nilifurahi, mwanangu. Nakwambia ukweli ili usije ukadhani wanaokucheka wanajua zaidi yako.

Basi kuanzia siku ile Shomari hakula, chuoni haendi. Ukimgusa kifua, moyo unakwenda mbio kama kafukuzwa. Mitihani imebaki wiki mbili. Asipoifanya, jina lake linafutwa na nafasi haimrudii. Deo, mwenzie wa sekondari mpaka chuo, kijana wa Bukoba, akaja kumtafuta. Huyo alikuwa akinyoosha maneno kama anasoma taarifa ya habari: "Mama, huyu si mjinga. Msomee mara moja, kesho anakurudishia yote. Ila karatasi inamtesa, na anaona haya kusema." Ndo tukajua. Toka sekondari Deo alikuwa akimsomea kwa sauti, Shomari anameza kwa masikio. Akisoma mwenyewe, ukurasa mmoja ni asubuhi nzima.

Unadhani tulimsikiliza Deo? Mama alishaamua ni jini. Tukamchukua Shomari mchana wa jua kali mpaka Mbagala kwa Bi Tatu, fundi wa mashetani, na ubani wetu na kuku wetu mweupe.

Bi Tatu akakaa, akamtazama. Sauti yake ilitokea puani. "Moyo unakudunda ukiona nini?"

"Nikitakiwa kusoma mbele za watu."

"Na ukiwa peke yako?"

"Nasoma, bibi. Herufi zinanichezea, nachelewa, ila nafika."

"Nani alikucheka?"

Shomari akainama. Mie nikawa naangalia ukuta, ukuta mzuri kweli. Bi Tatu akanitazama mie, akamtazama kuku, akamrudishia mama kuku wake, kisha akasema neno moja. Nitakwambia, usinikimbize.

Kesho yake Shomari alikwenda kwa walimu wake, Deo kamshika mkono. Mmoja alimwelewa, akamwongezea muda. Mwingine akamwambia aache uvivu. Deo akamsomea vitabu kwenye kaseti, redio ikawa inahutubia uchumi mpaka mie nikajua kuigiza uchumi. Mitihani miwili ikamshinda, akapewa sapu, akairudia, akapita. Moyo haukuacha kudunda, aliniambia hivyo mwenyewe, ila aliacha kuuficha.

Basi nasaha yangu ndo hiyo, mwanangu. Hilo jina la Kizungu la herufi kukuchezea ulilolitaja juzi mie siliwezi, lakini tabu yako naijua. Kuchelewa kusoma si ujinga. Kifua kikibana, weka kitabu chini, vuta pumzi, kula, kisha mtafute mtu mmoja umwambie, mmoja tu anatosha kuanzia. Nenda kwa mwalimu wako kabla ya mtihani, usiende baada. Akikufukuza huyo, nenda kwa mwingine. Soma kwa masikio kama macho yanakugomea, simu yako hiyo si inaongea? Na ukiona mtu anakucheka, jua ana lake analolificha.

Mungu akupe kifua kilichotulia, akupe wa kukusomea bila kukusimanga, na siku ya mtihani viganja vyako viwe vikavu. Sasa nipe mchele wangu, umetupa punje nzima na kuacha mawe.

Eh, neno la Bi Tatu. Tangu siku ile kumwiga mtu kwa tabu yake sikurudia tena. Alininyooshea kidole, mama yupo, Shomari yupo, akasema kwa pua ile ile:

"Jini lenyewe hilo hapo limekaa, limevaa kanga ya njano. Liambieni lifunge mdomo, kijana arudi shule."