Bi Kola Hatumwi na Mtu

Kola ya shati ndiyo inayomuumbua fundi. Mwili wa shati hata mwanagenzi ataushona, lakini kola ikipinda, mvaaji huonekana kama mtu aliyekabwa. Bi Kola alizishona tangu ujana wake katika karakana ya sare za shule, na kola zake hazikupinda. Ndiyo maana akaitwa hivyo, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa na maringo yake. Jirani akimuuliza ameajiriwa wapi, alijibu huku akirekebisha kilemba, "Mimi sijaajiriwa, shoga. Mimi fundi. Situmwi na mtu." Hata pale mwenye karakana, ambaye wote walimwita Tajiri, alipowaletea mafundi karatasi mpya ya kuwaita wakandarasi wa kujitegemea, wenzake walinung'unika, yeye akawa wa kwanza kutia sahihi. Neno lile lilimkaa vizuri mdomoni.

Kisha sindano ya cherehani ikapita katikati ya kidole chake cha shahada. Aliporudi na bandeji, Tajiri alimpokea mlangoni, hakumpisha.

"Pole, mama. Ila wewe ni mkandarasi. Matibabu ni juu yako, na kiti nimeshampa mwingine."

Daktari alikwisha kusema kwamba bila kupasuliwa kidole hakitakunjika tena, na fundi wa kola asiyekunja kidole ni sawa na mpiga ngoma aliyefungwa mikono. Bi Kola akaenda ofisi ya migogoro ya kazi. Akionekana mwajiriwa, kiti kinarudi na kidole kinatibiwa. Akionekana mkandarasi, basi, shauri lake na kidole chake.

Siku ya shauri alisindikizwa na mdogo wake. Ndugu hawa walikuwa wakisalimiana kwa ulimi tu. Siku mdogo mtu alipoolewa, dada alifika jioni, bibi harusi amekwisha kuchukuliwa, viti vinakunjwa. Alisema alikuwa na kazi ya mteja mkubwa, hakutaka kuiacha. Tangu hapo kukawa na donge. Hata hivyo damu nzito kuliko maji, akaja.

"Leo maringo yaache hapa nje, dada," alimwambia kwenye benchi la ukumbini.

"Yakiibiwa je?"

"Nani ayaibe? Hayamtoshi mwingine."

Chumba kilikuwa kidogo, feni inalia, mezani msuluhishi aliyepewa kuamua shauri, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Wakili wa Tajiri akaanza kwa adabu, na adabu yake ilimtisha Bi Kola kuliko ukali.

"Mama, ni kweli husema wewe hutumwi na mtu?"

"Nimesema."

"Na mkasi unaokatia ni wa nani?"

"Wangu. Fundi hakati kwa mkasi wa mwenzake. Wewe unatafuna kwa meno ya kuazima?"

Watu wakacheka. Wakili naye akacheka, akamgeukia msuluhishi. "Zana zake, ufundi wake, sahihi yake. Huyu anajitegemea, na anajivunia."

Kila alichojibu Bi Kola kilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa inamsukuma mlangoni.

Msuluhishi akavaa miwani. "Jioni ukitoka, mkasi unaondoka nao?"

Tajiri akatazama viatu vyake. Bi Kola alisikia pumzi za mdogo wake nyuma ya kiti. Nyumbani aliwaambia mkasi huuacha karakana kwa kuwa hakuna mwizi.

"Mama, nimekuuliza."

"Hapana," alisema, sauti chini. "Unatundikwa kwenye msumari ofisini kwa Tajiri. Ya mafundi wote. Aliogopa tutashonea watu wengine. Asubuhi nagonga, nasema, naomba mkasi wangu."

"Unaweza kukataa kazi anayokupa?"

"Nikatae niende wapi?"

"Ukiwa na dharura, unamtuma fundi mwingine akae mahali pako?"

"Haruhusu. Hata chooni tunaaga."

"Ukitaka kuondoka mapema?"

Angeweza kusema hajawahi kutaka. Kidole kikapwita kwa maumivu ndani ya bandeji, kama kinamgongea.

"Niliomba mara moja," akasema. "Mdogo wangu alikuwa anaolewa. Nikamwomba, nikapiga goti. Akasema nikitoka nisirudi. Nikakaa. Nilishona kola siku nzima, huku naifikiria harusi."

Hakugeuka nyuma.

Msuluhishi aliandika, akamuuliza Tajiri kama kuna la uongo. Tajiri akasema, "Nidhamu ya kazi tu ile," na wakili wake akafumba macho.

Uamuzi ulitolewa baada ya mapumziko. "Karatasi inamwita mkandarasi," msuluhishi alisema, "lakini jina haligeuzi kazi. Anayepangiwa saa, anayenyimwa ruhusa, asiyeweza kutuma mwingine, ambaye hata mkasi wake mwenyewe anauomba, huyo ni mwajiriwa. Arudishwe kwenye kiti chake, na atibiwe kwa gharama ya mwajiri."

Bi Kola aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea chenji sahihi. Akarekebisha kilemba, akatoka.

Nje, walipokwisha kuvuka barabara, mdogo wake akamuuliza:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie dada yako anapigia watu magoti?"

"Mimi nimekununia miaka yote hiyo kumbe bure." Akafuta jicho kwa ncha ya khanga. "Sasa haya manuno yaliyobaki nimpe nani?"

"Mpe Tajiri."

"Si wa kununiwa yule, hatajua hata kama nimenuna."

"Basi yaweke," Bi Kola akasema. "Kesho mimi niko naye karakanani kutwa nzima. Nitakusaidia kumnunia."